Korosho za wanachuo, Mtwara mjini: niliangalia mizani kabla ya kuonja

Kibanda chenyewe hakina jina. Ukitoka soko kuu kama unakwenda Shangani utauona mwarobaini mkubwa wenye mafundi viatu wawili chini yake, na ubavuni mwao kibanda cha mabati kilichopakwa kijani upande mmoja tu. Rangi iliwaishia, upande wa pili wakauacha na kutu yake. Uliza "kwa wanachuo wa korosho", hata muuza maji atakuonyesha.

Wanaosoma tathmini zangu za vibanda na migahawa ya hapa kwetu wanajua sina mkono mwepesi wa kusifu. Safari hii nitaandika kirefu kwa sababu korosho nazijua kuliko ninavyojua ugali wa muhogo. Kwa miaka sita nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara. Sitakitaja, na wenye kujua watajua. Saa kumi jioni wabanguaji walipanga foleni mbele ya meza yangu, kila mmoja na beseni lake. Mimi napima, naandika daftarini, anapita, anakuja mwingine. Ndiyo maana nikiingia popote panapouzwa korosho, jicho linakwenda kwenye mizani kwanza. Korosho baadaye.

Nilifika mara ya kwanza Novemba 2024, msimu umekolea, malori ya korosho kila kona. Binti aliyekuwa zamu akaniamkia, "Shikamoo mama, karibu korosho." Nikaitikia, nikamwambia anipimie robo kilo, ila nataka kuona mfuko mtupu juu ya mizani kabla hajamimina. Hapo wauzaji wengi hubadilika sura. Yeye akaweka mfuko, akabonyeza kitufe namba zikarudi sifuri, ndipo akachota. Ikasoma 252. Akakunja mdomo wa mfuko bila kurudisha zile gramu mbili. Nikajisemea, haya, tuendelee.

Korosho nzima wanazouza ni za daraja wanaloliandika W240. Kwa wasiojua, hiyo ni hesabu ya punje: 220 hadi 240 kwenye paundi moja, ambayo ni kama gramu 454. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo punje inavyokuwa kubwa. Nilipofika nyumbani nilizimwaga kwenye sinia nikahesabu (mjukuu wangu akaniona nimerukwa na akili) nikapata 129. Piga hesabu mwenyewe, hawakudanganya. Wanazikaanga kwenye chumvi ya mawe iliyopashwa moto kwenye sufuria pana, wanageuza kwa mwiko wa mbao bila kupumzika, halafu wanachekecha chumvi ibaki sufuriani. Zinatoka na rangi ya chapati iliyoiva vizuri, chumvi iko juu kidogo tu, na ukiuma unasikia mlio. Ndani tamu, hazina ule uchungu wa ganda jembamba ambalo halijamenywa likaisha.

Nilirudi wiki iliyofuata nikakuta mkaangaji mwingine, kijana mrefu mwenye simu mkononi. Zile ziliungua. Zilikuwa kahawia kama kahawa, na uchungu wake ulibaki kooni mpaka usiku. Nilimwambia. Akasema, "Samahani mama, nilikuwa na mtihani kichwani." Mtihani kichwani, korosho motoni! Lakini alinibadilishia bila ubishi, na zile zilizoungua hakuzirudisha kwenye ndoo ya kuuzia.

Nilichokijia hasa mara ya pili, hata hivyo, ni ubao wao. Juu ya meza wametundika ubao mweusi wa shule, na kwa chaki wameandika robo kilo ya 7,000 inakwenda wapi. Korosho ghafi 3,850. Kubangua na kumenya 1,200. Moto na chumvi 350. Mfuko 250. Pango la kibanda 500. Akiba 850. Nilijumlisha kichwani, ikaja 7,000 kamili. Kwa mtu aliyekaa miaka sita upande wa pili wa daftari, kuona "kubangua" imeandikwa mahali ambapo mnunuzi anaisoma ni jambo geni. Kiwandani kwetu malipo ya mbanguaji yaliandikwa kwenye kitabu kilichofungiwa kwenye droo, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Ile ghafi 3,850 ya ubaoni nikaitilia shaka. Robo kilo ya korosho zilizobanguliwa inataka ghafi kilo moja na ushee, kwa hiyo wananunua kilo kwa 3,500 hivi. Oktoba ile bei ya mnada ilipita 4,000, na huku kwetu mtu akikuambia amepata korosho chini ya mnada swali la kwanza ni kangomba. Mnaelewa nasema nini. Yule mnunuzi anayekuja kijijini mwezi wa saba watu wakiwa na njaa, anatoa hela kidogo leo ili achukue korosho msimu ukifika, na kipimo chake ni bakuli lililojazwa mpaka lina kichwa kama kichuguu. Nikawauliza waziwazi. Kijana wa zamu, ambaye kwao ni Newala, akatoa faili la plastiki lenye karatasi za chama cha msingi cha ushirika zenye mhuri, kilo na tarehe. Bei ilikuwa imeshuka kwenye mnada wa baadaye, wao wakanunua hapo. Sikutegemea faili. Nilitegemea maelezo marefu.

Tukaanza kuongea. Wako tisa, wote wanasoma chuo kimoja hapa mjini, ambacho nacho nakiacha bila jina kwa kuwa chuo hakihusiki. Nilidhani ni mradi wa mfadhili, wa fulana na picha za kupiga na bango. Nikauliza mfadhili nani. Wakacheka. "Boom, mama." Mkopo wao wa chuo ulipoingia kila mmoja akatoa 40,000, wakapata mtaji wa kwanza. Walikuwa na jambo la kupigania kabla ya kuwa na kibanda. Mmoja wao alikulia kwa shangazi yake anayefanya kibarua cha kupalilia mikorosho. Kazi hiyo hulipwa kwa ngwe, na anayepima ngwe hupima kwa hatua zake, na hatua za mwenye shamba, kwa bahati ya ajabu, huwa ndefu. Mwingine mama yake ni mbanguaji. Walianza kwa kuzungumza na wenzao chuoni kwamba korosho za mahafali na za sherehe za mabweni zinunuliwe kwa kina mama wanaobangua wenyewe. Wenzao wakasema sawa, ila ziko wapi? Ndiyo kibanda kikazaliwa.

Yule wa Newala alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alikuwa kijana mdogo Novemba 2018, Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi, serikali ikatangaza itanunua kwa 3,300 kilo na jeshi likaletwa kusomba korosho. Babu yake malipo yalichelewa, karatasi anayo bado. "Nchi nzima ilijua bei ya mkulima," akaniambia. "Mama, uliwahi kusikia redioni bei ya kibarua?" Sikuwahi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, uanze hapa Mtwara mwaka 2007 nimesikia minada, makato, magunia, kila kitu, na watoto wa darasa la nne wanaitaja bei ya kilo ikipanda. Anayepalilia chini ya mkorosho, anayepuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huku amejifunga kanga puani, anayeokota, anayebangua, bei yake hupangwa barazani watu wawili wakiwa wamesimama.

Ukutani wamebandika kadi za manila mbili. Ya kwanza ni ya sheria: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 na iliyokuwa inatumika wakati huo, kwamba sekta ya kilimo mfanyakazi asipate chini ya 140,000 kwa mwezi, ambayo ukigawa kwa siku 26 ni kama 5,385. Viwanda na biashara ilikuwa 150,000. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mbanguaji ni wa shamba au wa kiwanda?" na mwingine akajibu, "Mlipe ya kiwanda ulale usingizi." Pembeni wameandika wastani wa siku wa wabanguaji wao wiki iliyopita: 9,200. Siku nilipokwenda tena ilikuwa 8,700. Wanaibadilisha kila Jumatatu hata ikishuka, na hilo nimelithibitisha mara tatu.

Ya pili ni hadithi ya mbali, nami nilisimama nikaisoma yote huku korosho zangu zikipoa. Kuna mji unaitwa Immokalee, huko Florida, Marekani, wa wachuma nyanya, wengi wao watu waliotoka Mexico, Guatemala na Haiti. Walianza kujikusanya mwaka 1993. Walilipwa kwa ndoo: ndoo ya paundi 32, kilo 14 na nusu hivi, kwa senti 40 na kitu. Mwaka 2001 wakatangaza kuisusia Taco Bell, kampuni ya vyakula vya haraka iliyokuwa inanunua nyanya nyingi kwa bei ya kubana. Wanachuo wakawaunga mkono. Mwaka mmoja kabla walikuwa tayari wameunda umoja wao wa wanafunzi na wafanyakazi wa mashambani. Vijana hawakwenda kuchuma nyanya. Waliangalia wao wana nini mkononi, wakaona kampuni ile inawataka wao kama walaji, na migahawa yake iko mpaka ndani ya vyuo. Vyuo zaidi ya 20 vikaitoa au vikakataa kuiingiza. Machi 2005 kampuni ikakubali kuongeza senti moja kwa kila paundi, iende kwa mchumaji. McDonald's ikafuata 2007, Burger King 2008, na kufikia 2011 utaratibu huo ukaenea kwenye mashamba mengi ya nyanya ya Florida.

Lakini kilichonishika mimi ni mstari wa mwisho wa ile kadi, ambao wenyewe wameuandika kwa herufi ndogo kana kwamba si kitu. Wachuma nyanya wale walikuwa wanalazimishwa kujaza ndoo mpaka ipite ukingo, iwe na kichwa, na kile kichwa hakilipwi. Makubaliano yakakifuta. Ndoo ikijaa ukingoni, imejaa.

Nilikaa kwenye kiti cha fundi viatu.

Beseni la kiwandani kwetu lilikuwa la plastiki, la bluu, lenye uzito wa gramu 300. Najua kwa sababu nililipima mwenyewe siku ya kwanza kazini. Msimamizi akaniambia nikate nusu kilo ya beseni kwa kila mtu, "tusihangaike na vigramu." Gramu 200 kwa kila mbanguaji, kila siku, miaka sita. Mizani ya saa ilikuwa na uso mmoja na uso huo ulinitazama mimi; wao waliona mgongo wake, bati jeupe lenye kutu. Nilikuwa na watoto watatu na mshahara wa mwezi, na kalamu ilikuwa yangu. Sitalipamba. Nimeliandika hapa kwa sababu wasomaji wangu wana haki ya kujua anayewasifia mizani ni mtu wa namna gani.

Turudi kibandani, maana hawa vijana nao wana yao.

Karibu na ubao wa nzima walikuwa na ubao mdogo wa vipande, robo kilo 4,000. Vipande ni vizuri kwa mboga. Mimi huvisaga nikavitia kwenye kisamvu badala ya karanga, na mtu asiyejua hudhani nimeongeza tui. Nikasoma mgawanyo: ghafi, moto, mfuko, pango, akiba. Mstari wa kubangua haukuwepo. Nikamwuliza binti wa zamu, "Hizi zilijibangua zenyewe?" Akageuka akausoma ubao wao wenyewe kama anauona mara ya kwanza. Kumbe walikuwa wanalipa kwa kilo ya nzima tu, vipande wanachukua bure, vilevile kama kiwandani kwetu. Walijifunza kwa nani? Kwa kina mama wenyewe. Waliwauliza mlikuwa mnalipwaje, wakaambiwa, wakaongeza kiwango lakini wakaacha mtego mahali pake.

Na mtego ni mtego kweli, kwa sababu korosho kuvunjika mara nyingi si kosa la mkono. Ghafi ikitoka kwenye mvuke inatakiwa ilale, ipoe, ganda likauke lishike ugumu wake. Ukiwaletea wabanguaji ghafi ambayo haijapoa, au umeipika kupita kiasi, punje inapasuka chini ya kisu hata kwa bingwa. Anayepika amekosea, anayebangua anakatwa. Nilimweleza binti yule yote haya, na naungama niliyasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Wiki mbili baadaye ubao wa vipande ulikuwa na mstari mpya, kubangua 700, na bei imepanda kutoka 4,000 kuwa 4,500, akiba imepungua 200. Nikanunua vya 4,500 bila kuomba kupunguziwa, na mimi ni mtu wa kuomba kupunguziwa.

Kosa la pili lilikuwa la wema. Walitundika daftari la malipo kwa kamba pale mezani, mteja yeyote afungue asome: jina la mama, kilo, shilingi, dole gumba. Wageni walipenda mno, nimeona mtu akilipiga picha. Nikauliza, kina mama wamesemaje? Kimya. Mji wetu si mkubwa. Waume wanapita njia ile, wakwe wanapita, mwenye duka anayemdai mama fulani anapita. Nilisikia baadaye kwamba mmoja wao alirudi nyumbani Ijumaa akakuta hesabu yake imeshatangulia, hela ikapangiwa matumizi kabla hajavua kanga. Daftari lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya macho yetu sisi wanunuzi, tujisikie vizuri tukitafuna. Sasa mezani kuna namba tu, mbanguaji wa 1 hadi wa 8, na daftari lenye majina liko kwa kina mama. Napenda namba zaidi.

Kina mama wanabangulia uani kwenye nyumba moja Magomeni, nami niliomba kupaona. Nilipelekwa Jumamosi moja. Mashine mbili za mkono na mguu chini ya makuti, kinu cha mvuke kilichotengenezwa kwa pipa, mkeka wa kumenyea, redio. Mikono imepakwa mafuta ya nyonyo, maana utomvu wa ganda la korosho unachoma mpaka ngozi inabambuka. Wanachuo walikuwa wamewaletea glavu za mpira, mpya, nilizikuta zimetundikwa msumarini. Kidole ndani ya glavu hakiisikii korosho. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma, visu viwili vinakutana kwenye ganda, ncha ya kisu inapenya, ganda linafunguka vipande viwili, punje inatoka na koti lake jekundu. Sekunde tatu. Halafu nyingine.

Mama aliyekuwa mashine ya pili hakuinua kichwa nilipoamkia. Alimaliza aliyokuwa nayo, akavifuta visu, ndipo akanitazama. "Karani," akasema. Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo. "Leo beseni unakata ngapi?"

Walijua. Wote walijua, miaka yote sita. Walikuwa na beseni kama lile nyumbani, walilipima dukani kwa Mhindi... sijui nilifikiri nini, kwamba watu wanaopima korosho siku nzima kwa viganja hawawezi kuujua uzito wa beseni. Nilikosa la kusema. Akanionyesha kigoda kwa kidevu, nikakaa, nikamenya nao mpaka adhuhuri. Vidole vyangu vimesahau, nilivunja nyingi. Kwenye mizani yao ya uani, uso wa namba umegeuziwa upande wa mbanguaji, na karani, kijana wa mwaka wa kwanza, inabidi aliinamie bega la mama ndipo asome.

Huduma kwa ujumla? Nyota nne. Nyota ya tano wameipoteza kwa mambo matatu. Mifuko ni ya karatasi, na kwa unyevu wa pwani yetu korosho ikilala siku mbili inakuwa laini kama maandazi ya jana. Leteni vyombo vyenu, au mkifika nyumbani mzitie kwenye chupa yenye kifuniko. Chenji hawana kamwe. Wana lipa namba, lakini mtandao ukigoma unaanza mchezo wa "tutakupa ukirudi", nami wananidai na mimi nawadai mpaka hesabu imechanganyika. Na la tatu, kubwa kuliko yote: UE, mitihani yao ya chuo. Machi 2025 nilipanda bajaji kutoka Chuno kwenda kununua korosho za kumpelekea dada yangu Lindi, nikakuta kufuli. Mitihani. Fundi viatu akaniambia wiki ya pili sasa. Nilikasirika, kisha nikafikiria wale wanane wa Magomeni, ambao korosho walizozibangua zilikuwa zimekaa ndani na wao hawana UE. Nilituma ujumbe kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuko, mrefu, wenye makosa ya tahajia kwa sababu ya hasira. Nilijibiwa kwa kifupi: "Umesema kweli mama. Tunalifanyia kazi." Hilo jibu tunalijua sote. Sikulitilia maanani.

Julai ilifika, UE nyingine. Nilipita njia ile nikienda kliniki Ligula, sikuwa na nia ya kununua. Kibanda kilikuwa wazi. Hapakuwa na mwanachuo hata mmoja. Nyuma ya meza alikuwa yule mama wa mashine ya pili, amevaa kitenge cha kutokea, ufunguo wa kufuli umening'inia shingoni kwa uzi. Wamegawana zamu wenyewe, akaniambia, kila mmoja wa wale wanane na zamu yake, wanachuo wakirudi watakaa siku tatu, kina mama siku nne. Nikauliza nani aliamua. "Sisi tuliomba ufunguo," akasema. "Wao walifikiri tutachoka."

Korosho za siku hiyo alizikaanga yeye, na ni bora kuliko zote nilizokula pale. Rangi moja kutoka punje ya kwanza mpaka ya mwisho. Anazitoa motoni mapema kidogo, zinamalizia kuiva zenyewe kwenye ungo. Wanachuo waende wakajifunze.

Nikaagiza robo ya nzima na robo ya vipande. Akaweka mfuko mtupu. Kabla hajabonyeza kitufe akaishika mizani kwa mikono yote miwili, akaizungusha mpaka uso wake ukanitazama, na namba zilikuwa pale wazi: mfuko mtupu, gramu 6. Akasubiri. Akasubiri mpaka nikasema, "Nimeona." Ndipo akabonyeza, ikarudi sifuri, akachota.

Jumla 11,500. Nilitoa 12,000. Chenji hakuwa nayo naye.